Je, Wajua? Gari Kuukuu la Familia Katika Hewa Nyepesi ya Yamumbi

RAV4, X-Trail, Forester au Prado inayolala leo katika ua wa Yamumbi kwa kawaida iliundwa Japani, kwenye kiwanda kisicho mbali na usawa wa bahari. Yamumbi, pembezoni mwa jiji la Eldoret katika eneo bunge la Kapseret, iko juu kiasi cha mita 2,100. Kimo hicho hubadilisha mambo ambayo kitabu cha gari hakiyagusii sana: maji yanavyochemka, breki zinavyokanyagika, upepo wa tairi unavyosomeka. Tena gari lenyewe si changa. Kanuni ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo familia nyingi hununua la miaka saba hivi, kisha huishi nalo miaka kumi mingine au zaidi. Ninaamini kwamba injini nyingi zinazofunguliwa Eldoret zingeokolewa na kitu cha bei ndogo kilichoangaliwa mapema, na ndiyo sababu ya kukusanya haya.

Je, wajua kwamba maji ya Yamumbi huchemka kabla ya kufika nyuzi 100?

Huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa sababu hewa ya juu hukandamiza maji kidogo kuliko ya pwani. Anayepika maharagwe Eldoret huyangoja kuliko anayeyapika Mombasa, na sababu ni hiyo. Sasa fikiria injini. Thamostati nyingi za magari ya Kijapani huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, na injini iliyopata moto wake hufanya kazi kati ya 85 na 95. Maana yake ni kwamba, kama rejeta ingekuwa wazi, maji yangetokota Yamumbi injini ikiwa katika joto lake la kila siku, bila kosa lolote.

Kinachozuia hilo ni kifuniko cha rejeta. Juu yake utaona namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hicho ni kipimo cha mgandamizo ambao springi yake huushikilia juu ya ule wa hewa ya nje. Kifuniko kizima cha 0.9 huyafanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 115 hapa kwetu, na kama 118 Mombasa. Tofauti ni ndogo. Lakini springi ikilegea kabisa, au mpira wake ukipasuka, Mombasa unabaki na nyuzi 100 na Yamumbi unabaki na 93. Gari lililovumilia kifuniko kibovu pwani kwa miaka linaweza kuchemka wiki ya kwanza likipandishwa huku, na mwenye gari akaambiwa hedi imekwisha.

Kiangalie asubuhi, injini ikiwa baridi. Kamwe usikifungue ikiwa moto: maji yaliyokuwa yamebanwa hugeuka mvuke papo hapo na kuunguza uso na mikono. Tazama mpira kama una nyufa, bonyeza springi, tafuta kutu. Ukiona chupa ya akiba inajaa kila safari na hairudishi maji rejetani gari likipoa, kishuku kifuniko. Ukikuta mpira wa juu wa rejeta umebonyea asubuhi, valvu ndogo iliyo katikati ya kifuniko imeganda na hairuhusu maji kurudi. Badilisha kwa namba ileile iliyoandikwa. Kuweka 1.3 badala ya 0.9 ni kuitafutia rejeta kuukuu mahali pa kupasukia.

Je, wajua kwamba kuondoa thamostati ni kosa kubwa zaidi Eldoret kuliko Mombasa?

Fundi huiondoa ili gari “lisichemke tena”. Kwenye baridi ya kaunti yetu ya Uasin Gishu injini isiyo na thamostati huenda safari nzima ya kutoka Yamumbi hadi mjini bila kupata moto. Kompyuta ya gari husoma kwamba injini bado ni baridi na kuendelea kuongeza petroli kama ifanyavyo alfajiri. Gari hunywa mafuta, oili hupata petroli na unyevu ndani yake, na kasoro ya kweli, iwe ni feni isiyozunguka, pampu ya maji au rejeta iliyoziba, hubaki palepale ikifichwa na baridi. Itajitokeza siku umebeba familia ukipanda kutoka Kisumu. Thamostati mpya ni ya bei nafuu. Irudishe.

Maji ya kisima nayo yana madini, na madini hayo huganda ndani ya mirija myembamba ya rejeta kama yanavyoganda kwenye birika. Kulenti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa huchemka kwa joto la juu zaidi kuliko maji matupu na huzuia kutu. Jambo moja ambalo wazazi na wafugaji wanapaswa kulijua: gilikoli iliyo ndani ya kulenti nyingi ina utamu, na ni sumu inayoua figo. Mtoto au mbwa ataionja akiikuta. Usiimwage uani, na usiihifadhi kwenye chupa ya soda.

Je, wajua kwamba hita ya ndani ni rejeta ndogo ya pili?

Geji ya joto ikipanda mlimani, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho na feni yake kwa kasi kabisa. Mtatoka jasho, lakini joto la injini litakuwa likitolewa na kupulizwa ndani ya gari. Hiyo husaidia kufika mahali salama pa kusimama, si kumaliza safari. Hita ikitoa upepo baridi huku geji iko juu, basi maji yamepungua sana. Simama mara moja.

Je, wajua kwamba “maziwa” chini ya kifuniko cha oili hayamaanishi kila mara gasketi ya hedi imeungua?

Watu wengi wamelipia kufunguliwa hedi kwa sababu ya utando mweupe chini ya kifuniko hicho. Katika mji wa asubuhi baridi, gari linalokwenda safari fupi tu, shuleni, dukani na kurudi, halipati muda wa kukausha unyevu unaojikusanya ndani ya injini. Unyevu huo huchanganyika na oili na kukaa sehemu iliyo baridi zaidi, yaani pale juu. Pangusa, endesha gari saa nzima barabara kuu, angalia tena. Gasketi iliyoungua ina dalili zaidi ya moja: maji hupungua bila kuvuja nje, mapovu hutoka rejetani injini ikinguruma, mipira ya maji huwa migumu dakika chache baada ya kuwasha, moshi mweupe hauishi hata gari likipata moto, na oili kwenye kijiti chenyewe hubadilika rangi. Kijiti kikiwa safi na maji yako kwenye kiwango chake, usikubali hedi ishuke.

Je, wajua kwamba taa nyekundu ya oili haipimi wingi wa oili?

Hupima mgandamizo wake. Oili inaweza kupungua nusu na taa isiwake, mpaka pampu ivute hewa kwenye kona au mteremko, na hapo madhara tayari yameanza. RAV4 za kizazi cha tatu zenye injini ya 2AZ ya lita 2.4 zinajulikana kwa kula oili bila kutoa moshi wa kutisha. Toyota yenyewe iliongeza dhamana kwa ajili ya tatizo hilo nchini Marekani. Mwenye gari hilo asingoje taa. Achomoe kijiti kila Jumamosi, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa dakika tano.

Kuhusu oili nzito ya 20W-50 ambayo wauzaji hupenda kuipendekeza kwa kila gari lililozeeka: injini za VVT-i hubadili muda wa kufunguka kwa valvu kwa kutumia msukumo wa oili hiyohiyo, kupitia vijia vyembamba. Fuata namba iliyoandikwa kwenye kitabu au kwenye kifuniko cha oili. Umri wa gari peke yake si sababu ya kuiacha.

Je, wajua kwamba gari lako limepoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake, na si ugonjwa?

Hewa ya Yamumbi ina uzito wa asilimia 81 hivi ya ile ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo huvuta hewa hiyo nyepesi, kwa hiyo ile iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 150 hapa hufanya kazi kama ya 120. Ukipanda Timboroa, ambako reli ya kwenda Uganda hupita zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, hupungua zaidi. Kabla ya kununua plagi mpya, koili na pampu ya mafuta kwa sababu “gari halivuti”, jiulize kama lilivuta vizuri zaidi mwaka jana kwenye mlima uleule. Kama halikubadilika, ni hewa. Prado ya dizeli na Forester ya tabo haziumii sana, maana tabo husukuma hewa zaidi ndani.

Gari la zamani la kabureta huathirika kwa namna nyingine: lililorekebishwa pwani humwaga petroli ileile kwenye hewa iliyopungua, nalo hutoa moshi mweusi na kuchafua plagi. Magari ya injekta hujirekebisha yenyewe. Tena hewa nyepesi hupunguza kunoki kwa injini. Ndiyo maana baadhi ya majimbo ya Marekani yaliyo kwenye Milima ya Rocky huuza petroli ya okteni 85, ya chini kuliko ya kwingineko. Petroli ya bei ya juu haitarudisha nguvu zilizochukuliwa na mlima, isipokuwa gari lako, kama zilivyo Subaru nyingi za tabo, lilitengenezewa mafuta ya aina hiyo.

Je, wajua kwamba pedali ya breki huwa nzito kidogo Eldoret kuliko Mombasa?

Boosta ya breki husaidia mguu wako kwa kutumia tofauti kati ya mvuto wa injini upande mmoja na hewa ya nje upande wa pili. Hewa ya nje ikipungua nguvu, msaada wa juu kabisa ambao boosta inaweza kuutoa hupungua pia, kama moja ya tano. Dereva aliyezoea pwani huhisi tofauti hiyo kwenye kanyago la ghafla.

Namna ya kujua kama boosta yako ni nzima haihitaji kifaa. Zima injini, kanyaga breki mara nne au tano mpaka pedali iwe ngumu, iache ikiwa imekanyagwa, kisha washa injini. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu, boosta inafanya kazi. Ikibaki ngumu, angalia kwanza mpira wa mvuto unaotoka kwenye injini, maana mpira wa miaka kumi na mitano hupasuka. Pedali laini inayozama kama sponji ni ugonjwa tofauti kabisa: hewa au maji kwenye mafuta ya breki.

Hapo kwenye mafuta ya breki naomba msomaji atulie, maana sisi tunaishi kando ya ukingo wa Elgeyo. Barabara ya Iten kwenda Kabarnet hupita Tambach na kushuka zaidi ya mita 1,000 hadi Bonde la Kerio. Gari la kilo 1,800 likishuka mita 1,000 huachia nishati inayotosha kuchemsha lita zaidi ya 50 za maji. Nishati hiyo lazima iende mahali. Ukishuka kwa breki tupu, nyingi huingia kwenye diski na pedi, na joto hupenya hadi kwenye mafuta. DOT 3 mpya haichemki chini ya nyuzi 205. Lakini mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo, na yakishapata asilimia 3.7 ya maji, kiwango chake cha chini hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea: pedali inakwenda hadi sakafuni na gari haliitikii. Mafuta haya hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, na katika magari kuukuu ni mafuta yanayosahaulika kuliko yote. Mengi utayakuta meusi, ya miaka mingi.

Shuka Tambach kwa gia ambayo ungeipandia. Kwenye otomatiki weka 2 au L kabla ya mteremko kuanza, uache injini ishike gari, na ukanyage breki kwa nguvu kwa muda mfupi kisha uachie, badala ya kuziburuza. Usizime injini wala kuweka nyutro eti kuokoa petroli. Gari la injekta likishuka ndani ya gia, mguu ukiwa umetoka kwenye akseleta, kompyuta hukata mafuta kabisa. Kwenye nyutro hulazimika kuchoma petroli ili injini isizime. Injini ikizimwa, boosta hubaki na msaada wa kanyago moja au mawili tu, na usukani huwa mzito.

Je, wajua kwamba upepo wa tairi hubadilika ukipanda kutoka pwani, kisha baridi huurudisha?

Tairi iliyojazwa 32 Mombasa ingesoma 35 hivi Yamumbi kama joto lingekuwa lilelile, kwa kuwa geji hulinganisha hewa ya ndani na ya nje, na ya nje imepungua. Lakini asubuhi ya Yamumbi ya nyuzi 13, baada ya alasiri ya Mombasa ya nyuzi 30, hewa ya ndani husinyaa, na geji husoma tena karibu 33. Kwa hiyo usipunguze upepo safarini. Pima asubuhi gari kabla halijatembea, na ufuate kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, si ushauri.

Ubavuni hapo pia kuna namba nne baada ya herufi DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba kutoka Japani zinaweza kuwa na kashata nzuri na umri mkubwa, kwa kuwa mpira huzeeka hata ukiwa umekaa ghalani. Soma tarehe kwanza, kisha utazame kashata.

Msimu wa mvua ukiisha, usukani wa magari mengi ya Yamumbi hutetemeka kwenye lami. Kabla ya kulipia balansi, lala chini uangalie upande wa ndani wa rimu. Udongo mwekundu wa marram hukauka humo ukawa bonge la robo kilo, na maji na brashi huondoa mtetemeko wote.

Na kama gari lako huendeshwa na magurudumu yote manne, kama Forester na RAV4 nyingi, usinunue tairi moja mpya ukaichanganya na tatu zilizolika. Tairi mpya ni kubwa kidogo, huzunguka mara chache kwa kilomita, na mfumo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma hulazimika kusuluhisha tofauti hiyo muda wote, ukichemka. Subaru hutaka mizingo ya tairi nne isipishane zaidi ya milimita 6 hivi. Gari likivuta na kubanwa ukikata kona kali kwenye lami kavu, anza kwa kulinganisha tairi kabla ya kufungua giaboksi.

Je, wajua kwamba historia ya gari lako huenda imeandikwa chini ya boneti, kwa kalenda ya mfalme?

Wajapani hubandika karatasi ndogo kwenye mlango au ndani ya chumba cha injini wakibadili oili au mkanda wa taimingi. Kilomita husomeka kwa urahisi, lakini mwaka huweza kuwa wa enzi ya mfalme. Enzi ya Heisei ilianza Januari 1989, kwa hiyo ongeza 1988: ukiona 20, ni mwaka 2008. Enzi ya Reiwa ilianza Mei 2019. Kwa hiyo ongeza 2018. Usimruhusu mwoshaji gari aibandue karatasi hiyo.

Ina thamani hasa kama injini yako hutumia mkanda. Forester za zamani, Prado za dizeli za 1KZ na 1KD, RAV4 ya kwanza na CR-V ya kwanza hutumia mkanda wa mpira. X-Trail za petroli, RAV4 tangu 2000 na CR-V tangu 2001 hutumia mnyororo, ambao uhai wake ni usafi wa oili. Katika dizeli hizo na injini nyingi za Subaru, mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni na injini huharibika kwa sekunde moja. Prado za dizeli zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi, na wengi hudhani inauchunguza mkanda. Huhesabu kilomita tu. Aliyewahi kuizima bila kubadili mkanda amekuachia deni.

Urithi mwingine wa Japani ni redio isiyokamata stesheni zilizo juu ya 90, nayo si mbovu. Redio ya FM ya Japani ilitengenezewa masafa ya 76 hadi 90, na kifaa kidogo cha kuongeza masafa hulimaliza tatizo.

Je, wajua kwamba joto ndilo huua betri, na baridi huifichua tu?

Sahani za betri huharibika kwa joto la chini ya boneti miezi mingi kabla. Asubuhi ya nyuzi 10 injini huwa nzito kuzungushwa na betri hutoa nguvu kidogo, ndipo gari linapogoma. Mita ya kupima umeme husema mengi kuliko kubahatisha: betri iliyojaa na kupumzika usiku husoma volti 12.6, iliyobaki nusu husoma 12.2, na injini ikinguruma unapaswa kuona kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 huku injini inanguruma, ni alteneta au mkanda wake, na betri mpya itakufa vilevile. Kabla ya yote safisha vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani hukata umeme. Ukiazima chaji kwa jirani, waya wa mwisho, ule hasi, ufunge kwenye chuma cha injini ya gari lililozimika, mbali na betri, maana betri hutoa gesi ya haidrojeni na cheche huilipua.

Je, wajua kwamba petroli hupoza pampu yake?

Bomba la Kenya Pipeline lilifika Eldoret mwaka 1994, na malori ya mafuta ya Uganda hujazia hapa. Lakini ndani ya gari lako safari ya mwisho hutegemea pampu ndogo ya umeme iliyozama ndani ya tangi. Anayezoea kuendesha taa ikiwa imewaka huiacha pampu hiyo ikifanya kazi nje ya mafuta, kwenye joto. Jaza ukifika robo. Kwa wenye dizeli, hatari nyingine ni mafuta ya taa: mwaka 2018 Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuua biashara ya kuyachanganya na dizeli. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na pampu ya dizeli hulainishwa na mafuta yanayopita ndani yake. Weka mafuta kituo unachokiamini na utunze risiti.

Je, wajua kwamba panya hupenda injini yenye joto?

Uasin Gishu ni nchi ya mahindi, na mavuno yakishaingia ghalani panya hufuata. Gari lililowekwa karibu na ghala huwapa kiota chenye joto, na waya huwapa cha kuguguna. Taa ya injini ikiwaka ghafla asubuhi bila sababu, fungua boneti utafute vinyesi na waya zilizotafunwa kabla ya kununua sensa. Angalia pia chujio la hewa ya ndani, lililo nyuma ya kisanduku cha dashibodi kwenye magari mengi ya Kijapani. Wapo walioishi na gari miaka mingi bila kujua kwamba lipo, wakilalamika feni haina nguvu. Chujio la injini likijaa vumbi la marram, lipulize kutoka ndani kwenda nje, na likichakaa litupe.

Je, wajua kwamba namba ya kosa haitaji kipande cha kubadilisha?

Mashine ya kusoma makosa ikisema P0420, inasema gesi zinazotoka kwenye kisafisha moshi hazijasafishwa inavyotakiwa. Chanzo kinaweza kuwa sensa, uvujaji wa ekzosi, au injini inayokula oili. Kisafisha moshi chenyewe kina platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yenye bei, na wapo wanaozunguka gereji wakikinunua. Fundi akikushauri kitobolewe “gari lipumue”, kataa. Kikitolewa taa hubaki inawaka na moshi wenye sumu huwafuata watoto wako njiani.

Fundi wa jua kali anaweza kukusaidia sana ukimpa habari badala ya amri. Usimwambie abadilishe sensa. Mweleze tatizo huanza lini, injini ikiwa baridi au moto, mlimani au tambarare, baada ya mvua au kiangazi, na ni kitu gani kilibadilishwa mara ya mwisho. Kisha, kazi ikiisha, omba upewe kila kipande cha zamani kilichotolewa, ukiangalie kabla hujalipa.